Namba 7, Great George Street: Nyumba ya Mfanyabiashara wa Sukari Mjini Bristol

Ukipanda Park Street mjini Bristol, magharibi mwa Uingereza, kisha ukakata kushoto kuelekea kilima cha Brandon, unaingia mtaa mfupi wenye mteremko, na hapo ndipo ilipo nyumba namba 7. Ukuta wake wa mbele ni wa mawe ya Bath, rangi ya malai iliyochujuka, yaliyochongwa yakakutana vizuri hata viungo huvioni mpaka usogee. Hakuna sanamu, hakuna mbwembwe. Asiyejua ataipita akidhani ni ofisi ya wanasheria.

Ilijengwa kati ya 1788 na 1791 kwa ajili ya John Pinney, mfanyabiashara wa sukari aliyekuwa na mashamba na watumwa katika kisiwa cha Nevis, Karibiani. Leo ni makumbusho ya jiji, na kisheria ni jengo linalolindwa, daraja la II*. Nyumba za enzi ile, yaani enzi ya wafalme wanne waliofuatana wa jina la George, kuanzia 1714 hadi 1830, zimejaa Uingereza. Hii nimeichagua kwa sababu jengo lake limebaki na karatasi za mwenyewe pia zimebaki. Barua na daftari za Pinney zimehifadhiwa Chuo Kikuu cha Bristol, mwendo wa dakika chache tu kutoka mlangoni pake. Tunaweza kuziweka karatasi hizo kando ya kuta na kuuliza kila kimoja kinasema nini ambacho mwenzake amekinyamazia.

Jibu langu nalitoa mapema: nyumba hii ilisanifiwa ili mgeni asiione kazi iliyoilipia. Sheria ya ulinzi, kwa nia njema kabisa, imeulinda ufichaji huo pamoja na mawe.

Mtu aliyeijenga

Hakuzaliwa Pinney. Alizaliwa mwaka 1740 akiitwa John Pretor, na mwaka 1762 binamu yake alipofariki akamwachia ardhi ya Dorset na mashamba ya miwa ya Nevis, kwa sharti la kuchukua jina la ukoo. Kijana akabadili jina, akapanda meli. Nevis ni kisiwa kidogo, kilele cha volkano kilichochomoza baharini, na shamba kubwa la ukoo huo liliitwa Mountravers.

Mwaka 1765 alinunua watu kwa mara ya kwanza. Barua aliyoiandika baadaye imenukuliwa mara nyingi na wanahistoria, na ni rahisi kuona kwa nini. Anakiri kwamba alishtuka kuona nyama ya binadamu imeanikwa kuuzwa. Halafu, katika sentensi inayofuata, anajituliza: bila shaka Mungu amewaumba hawa kwa manufaa yetu, maana kama sivyo angetuonyesha ishara. Mshtuko wake ulidumu kwa urefu wa nukta. Mimi namwona Pinney wote katika barua hiyo. Hakuwa katili wa kujivunia ukatili. Alikuwa mtu wa mahesabu, mwangalifu, mcha Mungu kwa kipimo chake, aliyependa kila jambo liwe na nafasi yake na lisitoke nje ya nafasi hiyo. Mtu wa namna hiyo akijenga nyumba, nyumba itamfanana.

Alirudi Uingereza mwaka 1783 akiwa na mali ya takriban pauni 70,000. Bristol ilikuwa imeshapita kilele chake kama bandari ya biashara ya watumwa. Kati ya 1698, ukiritimba wa kampuni ya kifalme juu ya biashara hiyo ulipovunjwa, na 1807, meli za mji huu zilifanya safari zaidi ya 2,000 za kubeba watu kutoka Afrika, lakini kufikia miaka ya 1780 Liverpool ilikuwa imeshaipiku kwa mbali. Sukari ndiyo iliyokuwa imebaki, na kwenye sukari ndiko Pinney alikoingia, akishirikiana na James Tobin, jirani yake wa zamani kule Nevis. Mwaka 1785 Tobin huyo alichapisha kijitabu cha kutetea utumwa dhidi ya padri mmoja aliyeulaani.

Inafaa kueleza biashara yao ilivyokwenda, kwa sababu ndiyo iliyonunua mawe. Wenye mashamba walisafirisha mapipa ya sukari hadi Bristol. Pinney na Tobin waliyapokea, wakayauza, wakakata kamisheni. Kisha waliwanunulia wenye mashamba hao vitu walivyohitaji, majembe, nguo, vyakula, na hapo tena wakakata chao. Mwenye shamba akikwama, na mara nyingi alikwama, walimkopesha kwa riba na kuweka rehani shamba lake pamoja na watu waliokuwa wakilima humo. Kwa hiyo Pinney aliendelea kutajirika hata pale miwa ilipokauka. Alipofariki mwaka 1818 mali yake ilikadiriwa kufikia pauni 340,000. Alikuwa ameiongeza karibu mara tano bila kuishika miwa, na kwa sehemu kubwa bila hata kuiona.

Nyumba inavyofanya kazi

Usanifu wake unahusishwa na William Paty, wa ukoo wa wasanifu na waashi ambao waliijenga Bristol ya karne ya 18 kiasi kwamba ukitembea huko ni vigumu kukwepa kazi yao. William alikuwa amesomea London, kwenye chuo cha sanaa cha kifalme, na alirudi na mtindo mpya wa wakati huo: mwepesi, mkavu kidogo, wenye mapambo machache.

Kanuni ya nyumba hizi ni rahisi kuieleza na ngumu kuifuata. Ukuta wa mbele hugawanywa kama nguzo ya Kirumi: chini mzito, katikati mrefu na wa fahari, juu mwepesi. Madirisha ndiyo yanayokusomea cheo cha kila ghorofa. Ya ghorofa ya kwanza huwa marefu kuliko yote, kwa kuwa huko juu ndiko sebule ya wageni iliko. Yanayofuata hufupishwa, na darini huwa vijidirisha. Fundi mzuri hakuhitaji kuandika popote nani analala wapi. Mpita njia alihesabu mwenyewe kutoka barabarani. Na kila dirisha lilikuwa tangazo la uwezo pia, kwa sababu serikali ilitoza kodi ya madirisha tangu 1696 hadi 1851.

Mawe ya Bath nayo yana siri yake. Yanapochimbwa huwa laini, hukatwa kwa msumeno kama mbao, kisha hugumu yakipigwa na hewa. Mto Avon ulipofunguliwa kwa mashua kati ya Bath na Bristol mwaka 1727, mawe haya yakaanza kushuka kwa bei nafuu. Desturi ya mafundi ilikuwa kuyaweka mbele, panapoonekana, na kutumia mawe ya bei rahisi pande zilizobaki. Hakuna aliyeona huo kuwa udanganyifu. Uso wa nyumba ulikuwa mali ya mtaa. Mgongo ulikuwa mali ya mwenyewe.

Ndani, mgeni aliongozwa kwa mpangilio. Ghorofa ya chini ilikuwa na chumba cha kulia, chumba cha kifungua kinywa, na ofisi. Hii ya mwisho ni muhimu, kwa sababu Pinney alifanyia kazi nyumbani. Nahodha au mdaiwa aliyekuja kwa shughuli hakuwa na haja ya kupanda ngazi. Aliingia, akazungumza fedha, akatoka. Aliyealikwa alipandishwa hadi sebuleni. Juu zaidi vilikuwa vyumba vya kulala. Leo vyumba 11 vya ghorofa nne viko wazi kwa watazamaji, vimepangwa jinsi ambavyo vingeweza kuwa zama hizo, kwa samani za kipindi hicho.

Sehemu inayonipendeza zaidi, na inayonifikirisha zaidi, ni chini ya ardhi. Humo mna jiko lenye vyuma vya kuzungushia nyama mbele ya moto, tanuri ya mkate, chumba cha kufulia na chumba cha mwanamke msimamizi wa nyumba. Na humo humo, hatua chache kutoka kwenye masufuria, mna birika la kuzamia: shimo la kina lililojengwa kwa mawe, lenye ngazi za kushukia, la kuogea maji baridi. Madaktari wa wakati ule waliamini kwamba maji baridi hukaza mwili na akili. Tajiri alishuka mpaka ghorofa ya watumishi kwa ajili ya afya yake, akazama, akapanda. Ni mojawapo ya mahali pachache ndani ya nyumba ambapo mwenye nyumba na wafanyakazi wake walipumua hewa ya ghorofa moja.

Nyumba za hadhi hii ziliendeshwa kwa kengele. Waya zilipita ndani ya kuta kutoka kila chumba hadi chini, na mtu sebuleni akivuta kamba, kengele ililia jikoni. Bwana hakuhitaji kuita kwa sauti. Mtumishi aliitikia, akatokea, akafanya, akatoweka. Makaa yalipanda, majivu yalishuka, maji ya moto yalipanda, vyombo vya chooni vilishuka, na mgeni aliyekuwa akinywa chai hakuona chochote katika msafara huo.

Chai yenyewe ilikuwa na sukari. Wakati huo sukari ilifika jikoni ikiwa mche mgumu mweupe wa umbo la pia, umefungwa kwenye karatasi, na ilibidi kuimega kwa koleo maalumu mpaka iwe vipande vya kuingia kwenye bakuli. Miche hiyo ilitoka kwenye viwanda vya kusafishia sukari, na Bristol ilikuwa navyo vingi. Sukari guru iliyoviingia ilikuja kwa meli, ikiwa imechemshwa kwenye masufuria ya shaba huko mashambani, usiku kucha wakati wa mavuno, na watu wasioruhusiwa kulala. Pale kwenye meza ya Pinney haikuwa na rangi wala harufu ya ilikotoka. Vivyo hivyo na mbao za mahogani zilizopendwa kwa milango na meza katika nyumba za matajiri: bunge liliziondolea mbao za makoloni ushuru mwaka 1721, zikamiminika kutoka Karibiani, na polishi ikamaliza kazi.

Pero

Kati ya watu aliowanunua Pinney mwaka 1765 alikuwemo mvulana wa miaka 12 aitwaye Pero, pamoja na dada zake wawili. Alifundishwa unyozi, akawa mtumishi wa chumbani wa Pinney. Mwaka 1783 familia iliporudi Uingereza, aliletwa. Na nyumba ya Great George Street ilipokamilika, alihamia humo.

Fikiria kazi ya mtumishi wa chumbani. Kumwamsha bwana, kumwekea maji ya moto, kumvalisha, kumtengeneza nywele. Na kumnyoa. Asubuhi baada ya asubuhi, kwa zaidi ya miaka 30, mtu aliyenunuliwa akiwa mtoto alisimama nyuma ya kiti na kuuweka wembe kwenye koo la aliyemnunua. Ukaribu wa namna hiyo hauna mchoro wa usanifu unaoweza kuuficha, na hata hivyo ukitembea chumbani humo leo hakuna kitu cha mawe wala cha mbao kinachokuambia kwamba ulitokea.

Hali yake kisheria ilikuwa ya utata. Mwaka 1772 Jaji Mansfield alikuwa ameamua, katika kesi ya James Somerset, kwamba mtumwa aliyeko Uingereza hawezi kutolewa nchini kwa nguvu. Watu wengi walielewa kwamba utumwa umekufa katika ardhi ya Uingereza, ingawa hukumu yenyewe haikufika huko. Pero alirudi Nevis akifuatana na familia mwaka 1790 na tena 1794, na mara zote mbili akaja tena Bristol. Watu wa leo huuliza kwa nini hakutoroka, na wengine huuliza kwa sauti ya kulaumu. Mtu aliyelelewa katika mikono ya familia moja tangu utotoni, ambaye ndugu zake wako kisiwani chini ya bwana yuleyule, hesabu yake ya kutoroka si sawa na ya mtu asiye na wa kuachwa nyuma. Mwaka 1798 aliugua, akapelekwa Ashton, nje ya mji, apate hewa safi. Huko akafa. Pinney hakuwahi kumpa uhuru.

Ndani ya nyumba hiyohiyo alikuwemo Fanny Coker, aliyezaliwa Mountravers mwaka 1767, binti wa mwanamke aliyeitwa Black Polly. Yeye aliachiwa huru mwaka 1778, bado mtoto, kisha akaja Uingereza kama mtumishi wa mke wa Pinney. Mjini Bristol alijiunga na kanisa la Wabatisti la Broadmead, na alifariki mwaka 1820, miaka miwili baada ya bwana wa nyumba. Wawili hawa wanazitingisha picha zetu nyepesi: mmoja huru kwa karatasi, mwingine mtumwa, wakila jiko moja, wakiitikia kengele zilezile. Mgeni wa sebuleni asingeweza kuwatofautisha kwa sheria, kwa kuwa wote wawili walikuwa kwake mikono iliyoleta sinia.

Washairi sebuleni

Mwaka 1793 Uingereza iliingia vitani na Ufaransa, benki zikayumba, na ujenzi wa Bristol ukasimama ghafla. Royal York Crescent, ule mstari mrefu wa nyumba uliopinda juu ya Clifton, ambao nao ni wa Paty, uliachwa bila paa na haukumalizika mpaka mnamo 1820. Pinney, kwa bahati au kwa pua ya mfanyabiashara, alikuwa ameshahamia kwake.

Miaka miwili baadaye kijana mmoja asiye na kazi wala fedha alifikia nyumbani kwake kama mgeni wa wanawe. Jina lake William Wordsworth. Inaaminika kwamba ni katika nyumba hii alikutana kwa mara ya kwanza na Samuel Taylor Coleridge, urafiki uliobadilisha ushairi wa Kiingereza. Watoto wa Pinney walimpa pia nyumba ya familia iliyoko Racedown, Dorset, akae na dada yake bila kulipa kodi, na baba yao hakuambiwa. Alipogundua, hakufurahi.

Hapa kuna jambo ambalo waongozaji wa watalii hulipitia haraka. Mwaka huohuo, 1795, mwezi Juni, Coleridge alitoa mhadhara hadharani mjini Bristol dhidi ya biashara ya watumwa, akawasihi wasikilizaji waache kutumia sukari. Hakuwa peke yake. Mnamo 1791 na 1792 watu wapatao 300,000 nchini walikadiriwa kuwa wamesusia sukari ya watumwa. Mwaka 1787 Thomas Clarkson, mwanaharakati wa kupinga biashara ya watumwa, alikuwa amepiga kambi Bristol, akihoji mabaharia kwenye vilabu vya pombe karibu na gati ili kukusanya ushahidi wa kupeleka bungeni. Kwa hiyo Pinney alijenga nyumba hii wakati mji wake ukibishana waziwazi kuhusu chanzo cha utajiri wake. Huwezi kumtetea kwa kusema zama zile hakuna aliyejua. Walijua, wakabishana, na baadhi yao wakabishana wakiwa wamekaa kwenye viti vyake.

Naye alijua vizuri kwamba kuna mambo ya kuonekana na mambo ya kutoonekana. Mnamo 1800 Tom Wedgwood, mtoto wa mfinyanzi maarufu Josiah Wedgwood, alikuwa akienda Karibiani kwa ajili ya afya yake. Josiah ndiye aliyetoa mwaka 1787 medali yenye mtumwa aliyepiga magoti akiuliza kama yeye si mtu na ndugu. Pinney akamwandikia msimamizi wake wa Nevis: mgeni huyu akifika, asiadhibiwe mtu yeyote mbele yake, wala karibu kiasi cha yeye kusikia mlio wa mjeledi.

Hiyo barua ndiyo ufunguo wa nyumba nzima. Hakusema watu wasichapwe. Alisema sauti isimfikie mgeni. Maagizo hayo ni ya kisanifu. Ni yaleyale yaliyotumika kupanga jiko, kengele na birika: kazi iendelee, maumivu yaendelee, mradi kuwe na ukuta katikati na mgeni abaki upande wa chai.

Baada ya Pinney

Mwaka 1808 aliiuza Mountravers kwa Edward Huggins, mwenye sifa mbaya hata kwa viwango vya wenye mashamba wenzake. Januari 1810 Huggins aliwapeleka zaidi ya watu 30 kwenye soko la Charlestown, mji mkuu wa Nevis, akaamuru wachapwe mbele ya umma. Alishtakiwa, na baraza la wazee wa mahakama likamwachia. Pinney alikuwa Uingereza, amestaafu, na fedha za mauzo zikiingia.

Utumwa ulipofutwa kwa sheria ya 1833, serikali ya Uingereza ilitenga pauni milioni 20 kuwafidia wenye watumwa kwa mali waliyoipoteza, na wala si watumwa wenyewe. Charles Pinney, mwana wa John, alikuwa miongoni mwa waliodai na kulipwa. Ni Charles huyuhuyu aliyekuwa meya wa Bristol wakati wa ghasia kubwa za Oktoba 1831, nyumba za Queen Square zilipochomwa moto. Alishtakiwa kwa uzembe, akaachiwa.

Nyumba yenyewe ilipita katika mikono mingine kwa zaidi ya karne. Mwishoni mwa miaka ya 1930 ilitolewa kwa jiji, na mwaka 1939 ikafunguliwa kama makumbusho. Wakati haukuwa mzuri. Usiku wa tarehe 24 Novemba 1940 ndege za Ujerumani ziliishambulia Bristol, na sehemu kubwa ya Park Street, kona tu kutoka hapo, ikateketea. Namba 7 ilinusurika.

Mabomu hayo ndiyo yaliyozaa orodha ya majengo yanayolindwa. Serikali ilihitaji kujua ni majengo gani yaliyoharibiwa yanafaa kuokolewa na si kubomolewa, na kazi hiyo ya dharura ikageuzwa kuwa utaratibu wa kudumu katika sheria za mipango miji za 1944 na 1947. Mfumo wa leo wa England una madaraja matatu: I, II* na II. Daraja la I ni asilimia 2.5 tu ya yote, II* ni takriban asilimia 6, na yaliyobaki ni II. Ukilinganisha, namba 7 imo kundi la wachache. Ulinzi unagusa nje na ndani, na kuligeuza jengo kama hili bila kibali ni kosa la jinai. Ukitaka kubadilisha ngazi, mlango au ukingo wa plasta, unaomba.

Nausifu mfumo huu bila kusita. Bila hiyo sheria, miaka ya 1960 ingeila Great George Street kama ilivyokula mitaa mingi ya Uingereza. Tatizo langu liko kwingine. Maelezo ya orodha huandikwa kwa lugha ya fundi: aina ya jiwe, umbo la paa, mpangilio wa madirisha, aina ya ngazi. Ni lugha sahihi kwa kazi yake. Lakini inaiangalia nyumba vilevile Pinney alivyotaka iangaliwe, kutoka barabarani na kutoka sebuleni. Na makumbusho yalipofunguliwa yalifuata njia hiyohiyo kwa miongo kadhaa: haya ndiyo maisha ya tajiri wa karne ya 18, tazama vikombe.

Sisi wa pwani hatuna haki ya kulicheka hili. Mtalii wa Mji Mkongwe hupigishwa picha mbele ya milango yenye nakshi ya majumba yaliyojengwa kwa fedha za karafuu na pembe, na ni nadra kuambiwa nani alizichuma na nani alizibeba. Hadithi ya watumwa imepewa eneo lake, pale Mkunazini ambapo soko lilifungwa mwaka 1873 na kanisa la Kianglikana likajengwa juu yake. Unakwenda, unasikitika, unatoka. Mlango wenye nakshi unabaki bila doa.

Bristol nayo imefanya hivyo kwa kiasi fulani. Ndani ya namba 7 kuna maonyesho kuhusu Pinney, mashamba na Pero, lakini yako kwenye chumba kidogo cha juu, kando ya mkondo wa vyumba vilivyopambwa. Mwaka 1999 daraja jipya la waenda kwa miguu bandarini liliitwa Pero's Bridge. Lina vyuma viwili vikubwa vya umbo la pembe, vinavyotumika kama mizani linapoinuliwa kupisha boti. Tarehe 7 Juni 2020 waandamanaji waliing'oa sanamu ya Edward Colston, mfanyabiashara ya watumwa aliyefariki 1721 na kusimamishiwa sanamu 1895, wakaiburuta hadi gatini na kuitosa majini kando ya daraja hilohilo.

Siku chache baadaye lilitokea jambo jingine lililopata kelele ndogo zaidi. Katika uwanja wa kanisa la Henbury, kaskazini mwa Bristol, kuna kaburi la Scipio Africanus, kijana mtumishi wa nyumba ya tajiri, aliyefariki Desemba 1720 akiwa na miaka 18. Jiwe lake, lenye vichwa vya malaika weusi waliopakwa rangi, lilivunjwa na watu wasiojulikana, ilivyoonekana ni kwa kulipiza kisasi. Kaburi hilo nalo limo kwenye orodha, na daraja lake ni II*, sawasawa na la nyumba ya Pinney. Maana yake sheria hii ina uwezo wa kumlinda mtumwa kwa jina lake kama inavyolinda ngazi za bwana wake. Haihitaji bunge. Maandishi ya orodha hurekebishwa mara kwa mara, ushahidi mpya ukipatikana.

Na ushahidi wa namba 7 haujafichwa popote. Uko kwenye daftari. Ningeanza na mambo mawili. Maelezo ya orodha yaseme nani aliishi humo, Pero na Fanny wakitajwa pamoja na Pinney, na mashamba ya Nevis yatajwe kama chanzo cha fedha za ujenzi kwa uzito uleule unaopewa jina la Paty. Pili, maonyesho yashushwe kutoka chumba cha pembeni. Pero asimuliwe kwenye kiti cha kunyolea, ndani ya chumba cha bwana. Barua ya mjeledi iwekwe sebuleni, mezani, kati ya birika la chai na bakuli la sukari, mahali ambapo Pinney alihakikisha haitasikika.